Hii Si Ile

Afisa ununuzi wa hoteli tuliyokuwa tukiifulia mashuka hakuwahi kuomba rushwa. Nalisema hili mapema ili nimtendee haki. Miaka yote tuliyofanya naye kazi, neno hilo halikumtoka kinywani hata siku moja. Yeye alikuwa akisema, "Mnikumbuke." Ukipeleka ankara, "mnikumbuke na mimi." Ukipishana naye mlangoni, "naona siku hizi mmenisahau." Ndiyo maana tukamwita Bwana Kumbuka. Mwenyewe alilijua jina hilo na alilipenda, akidhani ni la heshima.

Kazi ya udobi ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi niko upande wa pasi. Wifi ni mtu wa sauti. Yeye akinong'ona, jirani anaitika. Mwaka ule alikuwa amenunua mashine kubwa ya kufulia, kubwa kiasi kwamba ilibidi ukuta wa nyuma ubomolewe ndipo iingie, na aliinunua kwa kutegemea mashuka ya hoteli ile. Sasa mkataba wa hoteli ulikuwa unaisha. Ukihuishwa, mashine ingezunguka na akina dada wanaofua na kuanika wangebaki kazini. Usipohuishwa, tungekuwa na pipa la chuma la kufugia paka.

Hatukuwa peke yetu kwa Bwana Kumbuka. Fundi wa makochi alikuwa akishona viti vya hoteli, mchapaji akichapa karatasi zake, na mwuza mayai, ambaye sote tulimwita Trei, akipeleka mayai ya wageni kila asubuhi. Wote walikuwa wakikumbuka. Siku moja tukakutana karakanani kwa fundi, tukakaa kwenye makochi aliyokuwa ameyatoa springi. Trei alikaa akazama mpaka magoti yakafika usawa wa masikio.

Fundi ni mtu wa polepole, na muda mwingi ana pini mdomoni. Akazitoa.

"Nimefikiria," akasema. "Huyu bwana hajawahi kuomba kitu. Sisi ndio tunaoelewa."

"Kwa hiyo?" akauliza Wifi.

"Kwa hiyo tuache kuelewa."

Kisha mchapaji, ambaye hupenda maneno kama wengine wanavyopenda pilipili, akaanza kucheka taratibu. "Kila neno tulichukue kama lilivyo kwenye kamusi," akasema. "Akitaka zaidi, alitamke. Na kulitamka hawezi."

"Akiacha mmoja wetu tu, atamtafutia mbadala," fundi akaendelea. "Tukiacha sote siku moja, itabidi atafute wa hoteli nzima."

"Mimi kutoelewa hakunipi shida," Trei akasema kutoka shimoni kwake. "Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa hilo."

Tukaweka mikono juu ya mkono wa kochi, mmoja baada ya mwingine, tukaapa: hatutoi, hatupokei, hatuelewi. Trei ilibidi avutwe na watu wawili ili naye aufikishe mkono wake.

Wifi ndiye aliyetangulia kujaribiwa, kwa kuwa mkataba wake ndio uliokuwa mezani. Tukaenda wote wawili. Ofisi ya Bwana Kumbuka ilikuwa chumba chembamba chenye feni na kabati la chuma la mafaili, ambalo kila droo ikivutwa hulia kama mbuzi.

"Mkataba wenu," akasema Bwana Kumbuka, "uko ndani ya faili. Na faili, mama, halina miguu."

Wifi akalitazama kabati kwa huruma. "Basi nipe nikusaidie kulibeba. Linakwenda chumba gani?"

"Nasema haliwezi kutembea lenyewe."

"Ndiyo, nimekusikia. Mimi nabeba mabunda ya mashuka, faili ndilo litanishinda?"

Bwana Kumbuka akanigeukia mimi. Huwa naonekana mtu mwenye kuelewa; ni sura tu. "Dada, hebu mfafanulie mwenzako."

"Wifi," nikasema, "anasema faili halina miguu."

Akavuta pumzi, akasogeza kiti mbele, akashusha sauti. "Jamani. Tuongee kiutu uzima."

"Sawa kabisa." Wifi naye akajiweka vizuri kitini, akashusha sauti mpaka ikawa kama ya watu wengine. "Mimi mtu mzima. Nina wajukuu. Haya, endelea."

"Mkono mtupu haulambwi."

Wifi akauinua mkono wake, akaugeuza huku na huku. "Huu? Tafadhali usiulambe. Una dawa ya madoa."

Niliuma ukingo wa mtandio. Nilikuwa nimeapa kutoelewa, sikuapa kutocheka, lakini niliona si mahali pake. Bwana Kumbuka alikuwa amejifuta uso kwa leso, akaikunja, kisha akajifuta tena kwa upande ule ule.

"Mama," akasema hatimaye, akitamka kila neno peke yake kana kwamba anaongea na kiziwi. "Wewe una mashine. Mashine inakwenda bila mafuta?"

Wifi akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Hilo," akasema, "nimelielewa. Kesho nitakuletea."

Njia nzima ya kurudi sikumsemesha. Nilidhani kiapo kimevunjika siku ya kwanza, tena kwa mdomo wa mwenye sauti kuliko sote. Lakini mtu humhukumu mwenzake akiwa amekwisha kuona, sio kabla, kwa hiyo nikasubiri.

Kesho yake alipita kwanza kwa fundi wa makochi, akaazima kile kikopo cha mdomo mrefu cha mafuta ya cherehani. Tulipoingia ofisini, Bwana Kumbuka alipoona mkono wa Wifi ukizama mkobani, uso wake ulilainika kama shuka lililopigwa pasi. Wifi akatoa kikopo, akalifuata kabati, akavuta droo ya kwanza, akatia matone kwenye reli. Akaivuta na kuisukuma. Akatia ya pili. Alipomaliza zote, akaifungua na kuifunga ya chini kwa kidole kimoja, na haikutoa hata pumzi.

"Lilikuwa linateseka," akasema. "Pole sana. Ungesema mapema."

Jioni ile karakanani tulicheka mpaka fundi akameza mate vibaya, tukaogopa amemeza pini. Na habari hazikuwa zetu tu. Mchapaji alikuwa ameambiwa na Bwana Kumbuka, "Kaka, na mimi nitoe basi." Mchapaji akamshika kiwiko kwa adabu, akampitisha kwenye korido, mbele ya mapokezi, akamtoa mpaka getini, akampa mkono, akaenda zake. Trei yeye aliambiwa, "Ukishusha mayai, uje unione." Akaenda. Akasimama mlangoni, akamwangalia Bwana Kumbuka kuanzia kisogoni, maana alikuwa ameinama, akasubiri ainue kichwa, akamwangalia na usoni.

"Nikamwambia, nimekuona," Trei akasimulia. "Nikaondoka."

"Akasema nini?"

"Sikuelewa."

Lakini kicheko hakifui mashuka. Wiki iliyofuata mabunda hayakuja. Gari la hoteli lilipita mtaani kwetu bila kupunguza mwendo. Akina dada walipanga vibanio vya nguo kwa rangi, wakavichanganya, wakavipanga tena. Trei aliambiwa apumzike kidogo, naye kuku hawajui kupumzika, wakaendelea kutaga. Akala mayai asubuhi, mchana na jioni, mpaka mkewe akasema siku yoyote atawika.

Mchana mmoja nilimkuta Wifi nyuma, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso ameuelekeza kwenye mashine. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Wifi," akasema, na alinong'ona, na safari hii jirani hakuitika. "Kuelewa mara moja tu, kwani kuna ubaya gani?"

Nilijua bei ya mashine ile, na nilijua ni nani kati ya akina dada anayelisha nani nyumbani. Nikamwambia kweli kwamba sijui.

"Fundi ameshika?"

"Ameshika."

"Na Trei?"

"Trei anakaribia kuota manyoya, lakini ameshika."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akaniwekea bahasha kiganjani. "Kaa nayo wewe. Na nikikuomba, usielewe."

Siku mbili zilipita, ukaja ujumbe kutoka hotelini: Wifi, fundi, mchapaji na Trei wanatakiwa na mkurugenzi, nami nikafuatana na Wifi. Mkurugenzi alikuwa mpya, alikuwa amehamia kutoka tawi lingine, hatukuwa tumewahi kumwona. Tulipofika kwenye ngazi za mbele, Wifi akanivuta kando.

"Wifi, ile bahasha."

"Bahasha gani?"

"Ile niliyokupa."

"Sielewi."

"Wifi, mimi ndiye mkubwa wako, nimekuoza mimi mwenyewe kwa kaka yangu. Nipe."

"Maneno yako mazuri," nikasema, "lakini sielewi."

Alinitazama kwa hasira mpaka hasira ikamwishia, akaanza kutikisika mabega. Tukapanda ngazi yeye akijifuta machozi, na sikujua ni ya kicheko au ya hofu. Nadhani hata yeye hakujua.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Nilikitambua, nilikuwa nimekipiga pasi kwa mkono wangu. Bwana Kumbuka alikuwa amekaa upande wa kushoto na karatasi zake zimelingana kingo. Mkurugenzi alikuwa mama mdogo wa umbo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na alitusalimu mmoja mmoja.

"Nimewaita," akasema, "kwa sababu afisa wetu ameniandikia kwamba niwabadilishe wote. Anasema ubora wenu hauna neno, ila mmekuwa watu wagumu mno kuelewa maelekezo. Nimeona nisikie mwenyewe kabla sijatia sahihi. Lakini kwanza tupate chai."

Mhudumu akaingia na birika.

Naomba msomaji atuelewe. Katika jengo lile, hatukuwahi kusikia neno chai likimaanisha majani na maji. Tulitazamana. Huyu mpya naye? Tena mbele ya watu, na birika kabisa?

Fundi akatoa pini mdomoni. "Mama, tunashukuru. Ila sisi hatutoi chai."

"Hamtoi nyinyi," mkurugenzi akasema kwa upole. "Natoa mimi."

"Wala hatupokei," akasema mchapaji.

"Wala hatuelewi," akasema Trei, kwa mazoea.

Mhudumu alibaki ameinamisha birika hewani, hajui amimine au asimame. Mkurugenzi akavaa miwani, akatutazama, akaivua. "Ni sukari inayowasumbua? Ipo isiyotiwa sukari."

"Hata isiyotiwa sukari," Wifi akasema, "tutakuwa tumepokea."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha Bwana Kumbuka. Nadhani alikuwa ameuchosha tangu siku ya kabati. Alikuwa amebakiza sahihi moja tu atuondoe sote, na sisi tulikuwa tunaichelewesha kwa ajili ya kikombe. Akapiga meza kwa vidole.

"Jamani, kunyweni. Chai hii si ile."

Kijiko cha mhudumu kilianguka kwenye sahani yake, kikalia, kikanyamaza.

Mkurugenzi aligeuza kichwa taratibu. "Ile ipi?"

"Ile…" akasema Bwana Kumbuka. "Ile ya kawaida."

"Hii si ya kawaida?"

"Hii ni ya kawaida. Ile ndiyo siyo. Yaani ni ya kawaida, lakini si ya kunywa. Ni ya kukumbukana."

"Kukumbukana nani na nani?"

Aliinuka, sijui akitaka kwenda wapi, na kiwiko chake kikakipiga kikombe chake, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kumiminiwa. Chai ikatambaa juu ya kitambaa cheupe. Mikono yangu haikungoja ruhusa. Nikachukua glasi ya maji baridi nikaimwaga juu ya doa papo hapo. Kila dobi anajua kwamba doa la chai likiwahiwa linatoka, lakini likipigwa pasi limehamia.

Mkurugenzi akatugeukia. "Basi niambieni nyinyi."

Na hapo ndipo aibu yetu ilipoanza, maana kila mmoja alitafuta neno, hakuliona. Miaka yote nasi tulikuwa hatujalitamka. Fundi akasema ni mambo ya mafuta kwenye droo. Mchapaji akasema kuna wakati mtu anataka atolewe. Trei akasema ni habari ya kuonana tu, ila yeye ameshamwona.

"Kwa kweli afisa wangu hakukosea," mkurugenzi akasema. "Nyinyi ni watu wagumu."

Wifi akavuta pumzi. Niliiona ikiingia, nikajua inakotoka.

"Rushwa, mama," akasema.

Wanasema mapokezi walisikia. Wanasema mgeni mmoja aliyekuwa akijaza jina lake alisimamisha kalamu.

"Alikuwa anaitaka," Wifi akaendelea, "nasi tulikuwa tunatoa. Tukaacha. Ndiyo ugumu wenyewe."

Bwana Kumbuka akakaa. Hakukanusha, alitazama kitambaa kilicholowa kana kwamba kimeandikwa kitu. Mkurugenzi naye hakucheka, wala hakutupongeza kama nilivyokuwa nimeanza kutarajia kwa siri.

"Mlikuwa mnatoa," akasema. "Mkiitoa wapi?"

Tukatazama viatu. Mchapaji ndiye aliyejibu. "Tulikuwa tunaiongeza kwenye bei, mama."

"Kwa hiyo mtoaji alikuwa hoteli yangu. Nyinyi mlikuwa wapitishaji tu."

Hilo, kwa kweli, tulilielewa mara moja.

"Basi hivi," akasema. "Leteni bei mpya, zisizo na chai ndani yake. Zitafunguliwa kwenye meza hii, mbele ya kila aliyeleta ya kwake, na yeyote mjini anaruhusiwa kuleta. Zikinifaa, tutafanya kazi. Zisiponifaa, tutaagana vizuri. Na wewe, bwana, utabaki tuzungumze. Kwa maneno ya kawaida." Kisha akamwonyesha mhudumu birika. "Nyinyi wanne na dada wa maji baridi, sasa mnaweza kunywa?"

Tulikunywa. Ilikuwa imepoa, na sijapata kunywa chai tamu kama ile. Trei alikunywa vikombe vitatu, akisema chochote kisicho yai kwake ni sherehe.

Kupunguza bei hakukuwa sherehe. Wifi alikaa na penseli jioni nzima, kila akikata tarakimu anaguna kama anayeng'olewa jino. "Kumbe mashuka yetu yote yalikuwa na doa," akasema. "Na sisi ndio mafundi wa madoa." Siku ya kufungua bei wakaja madobi wengine, na mmoja wao alikuwa mzuri, tena mkimya, jambo lililomtia Wifi wasiwasi. Lakini hakuwa na mashine iliyobomolewa ukuta ili iingie. Bei yetu ilisomwa kwa sauti mbele yao na yao mbele yetu, tukapishana kwa kidogo sana, Wifi akashika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Tukapata. Fundi na mchapaji nao walipata. Trei alipata nusu, nusu nyingine ikaenda kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, lakini Trei akasema nusu inatosha kumwokoa asiwike.

Bwana Kumbuka hakurudi kwenye kiti chake. Sijui walizungumza nini kwa maneno ya kawaida, nami nisimsemee. Nilikutana naye mara moja sokoni. Akasita, akaniuliza kama bado tunamkumbuka. Nikamwambia, "Tunakukumbuka sana, kila tukikutana karakanani." Ilikuwa kweli tupu, naye nadhani aliona hivyo, kwa sababu alitabasamu kidogo.

Gari la hoteli lilirudi Jumatatu na mabunda yakajaa mpaka mlangoni. Akina dada walivitupa vibanio vilivyopangwa kwa rangi kwenye kapu moja, mashine ikaanza kuzunguka, sakafu ikatetemeka. Katika bunda la kwanza kabisa, juu, kilikuwa kitambaa cha meza chenye duara hafifu la rangi ya kahawia. Nikamwonyesha Wifi. Akakishika kwa ncha za vidole kama anavyoshikwa mtoto mchanga wa jirani.

"Linatoka?" akauliza, akipiga kelele kuishinda mashine.

"Nililiwahi," nikamjibu kwa kelele.

Akakitia mwenyewe majini. Kisha akaja karibu na sikio langu. "Wifi, ile bahasha."

"Bahasha gani?"

"Sasa nakuruhusu uelewe."

Nikaitoa mtandioni, ilikuwa imekunjamana na kuingia joto la pasi. Akaifungua palepale, akachomoa noti ya juu, akampa dada aliyekuwa karibu na mlango.

"Nenda dukani," akamwambia, "ukatuletee majani ya chai." Yule dada akasimama, akamtazama Wifi, akanitazama mimi, hajui acheke au aende. Wifi akamsukuma taratibu begani.

"Ya kunywa, mwanangu," akasema. "Nenda."